Bunduki ya Boma, Mwano wa Kijiji

Mwezi Septemba 1890 msafara mkubwa uliingia Bukumbi, kwenye misheni ya Mapadri Weupe, kando ya ghuba ndefu inayochomoza kutoka Ziwa Viktoria na kuingia bara. Mapadri walikuwa wamepiga kambi hapo tangu 1883, baada ya kuondoka Buganda. Aliyeongoza msafara ule alikuwa Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Pamoja naye walikuwamo Dakta Franz Stuhlmann na Luteni Wilhelm Langheld, na nyuma yao askari Waafrika wenye bunduki na wapagazi kwa mamia. Leo Bukumbi ni sehemu ya Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza.

Wasukuma wa pwani hii ya ziwa hawakuwa wageni wa bunduki. Walikwisha kuziona mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu, katika misafara ya Charles Stokes, na kwa ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, waliovuma kutoka Unyamwezi. Walichokuwa hawajakiona ni bunduki yenye mshahara wa mwezi, sare, na karani wa kuandika imepiga risasi ngapi. Emin hakukaa. Alivuka ziwa akaenda kujenga kituo Bukoba. Lakini mtindo aliopita nao ulibaki, na historia ya ulinzi wa Usukuma kwa miaka 100 iliyofuata ni historia ya mtindo huo: askari mwenye umbo la mwanajeshi akitumwa kufanya kazi ya polisi.

Mtindo wenyewe haukubuniwa Afrika. Ufaransa ilikuwa na jandarme wake tangu enzi za mapinduzi yake, wanajeshi kwa cheo na nidhamu, polisi kwa kazi, wakizunguka mashambani ambako polisi wa mjini hawakufika. Italia ikawa na Carabinieri kuanzia 1814. Hoja ya watawala wa Ulaya ilikuwa nyepesi: vijijini ni mbali, watu wametawanyika, na mlinzi wa kule sharti aweze kukaa kambini, kutembea kwa kikosi na kupigana akilazimika. Hoja hiyo ilipovushwa bahari ilibadilika sura. Kule kwao jandarme alikuwa raia wa nchi akiwalinda raia wenzake chini ya sheria ileile. Huku aliletwa mgeni kuwasimamia watu ambao sheria hiyo hawakuitunga wala hawakuulizwa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alianzisha Force Publique mwaka 1885, jeshi na polisi kwa mkupuo mmoja, na raia wa Kongo wakalipa kwa mikono na roho zao katika biashara ya mpira. Jeshi hilohilo liliasi siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, Julai 1960.

Upande wetu mwanzilishi alikuwa Hermann von Wissmann. Mwaka 1889 alipotumwa kuzima vita vya Abushiri katika pwani, aliajiri Wasudani huko Misri, wengi wao askari waliobaki bila kazi baada ya vita vya Mahdi, akaongeza Washangaan kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Machi 22, 1891 kikosi hicho kikafanywa rasmi kuwa jeshi la kikoloni, Schutztruppe. Mwaka 1892 Mwanza ikawa kituo cha Serikali. Miaka ya mwanzo hapakuwa na tofauti yoyote kati ya askari wa vita na askari wa amani. Aliyechoma kijiji cha mtemi mkaidi wiki hii ndiye aliyelinda mnada wiki ijayo.

Mgawanyo ulianza kodi ilipoanza. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, na mwenye kibanda kijijini akatakiwa kutoa rupia 3. Kodi haikusanywi kwa mzinga. Inahitaji mtu wa kupita nyumba hadi nyumba, kuhesabu vibanda, kumkumbusha mtemi, kumfunga mdaiwa. Ndipo Wajerumani wakatenga kikosi cha polisi kilicho chini ya maafisa wa wilaya, huku jeshi likibaki na makambi yake. Polisi hao wengi walikuwa askari wa zamani wa jeshi. Walivaa karibu sawa, walipiga saluti ileile, na adhabu waliyoisimamia ilikuwa ileile iliyobaki vinywani mwa wazee hadi karne iliyofuata: hamsa ishirini, viboko 25 mbele ya boma, mtu kalazwa kifudifudi na watu wakitazama.

Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani lilikuwa na kompania 14. Kompania ya 14 ndiyo iliyokuwa Mwanza, na tawi lake lilikuwa Ikoma, kule Serengeti. Polisi walikuwa zaidi ya 2,000 nchi nzima, idadi isiyopungua sana ile ya askari wa jeshi lenyewe. Vita vilipoanza Agosti mwaka huo, sehemu kubwa ya polisi hao waliingizwa katika kompania za vita, na yule aliyekuwa akihesabu vibanda akapewa mtaro wa kulinda. Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 14, 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, Tabora. Nchi ya kati, ambayo ni Misungwi na Kwimba ya leo, ilipitiwa na majeshi mawili yaliyohitaji chakula na wapagazi, na mkulima hakuwa na sababu ya kumtofautisha huyu na yule.

Waingereza walikuja na hesabu nyingine. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilitangazwa Agosti 25, 1919, makao makuu yakiwa Lushoto kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Kwa ulinzi wa nchi kulikuwa na King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee wetu waliiita Keya. Polisi wakapewa miji, reli, migodi na mashamba ya walowezi. Vijijini je? Huko Gavana Donald Cameron, aliyeingia mwaka 1925, aliweka utawala wa kupitia watemi, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa mabaraza yao, hazina zao na matarishi wao. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipita Fela katika Misungwi ya leo, polisi wa Serikali alionekana stesheni. Ukitembea nusu saa kutoka relini ulikuwa katika nchi ya mtemi.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya ulinzi Usukumani huruka moja kwa moja hadi miaka ya 1980 kana kwamba kabla yake palikuwa na utupu. Chini ya mtemi palikuwa na wanangwa wa vijiji, na pembeni yao taasisi ambazo hazikuandikwa katika sheria yoyote ya Mwingereza. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kulima kwa pamoja, kucheza ngoma na kukimbilia hatari. Palikuwa na mwano, ukunga wa hatari ambao ukipigwa kila mwanamume mwenye nguvu hutoka na upinde wake, na asiyetoka hujibu kesho yake. Ng'ombe wakiibwa nyayo zilifuatwa, na kijiji ambamo nyayo zimeingia kilipaswa kuonyesha zilikotokea. Kikishindwa, mzigo ni wake. Ulinzi huo haukuwa na kambi wala mshahara, na uliwezekana kwa sababu mwizi, mwibiwa na mlinzi walijuana kwa ukoo.

Mwingereza aliutumia utaratibu huo bila kuulipia, kisha akaanza kuuchosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili mpango wa kuendeleza Usukuma ulileta kanuni nyingi. Kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichomo Misungwi hadi leo, ulitoka ujuzi wa kweli wa mbegu za pamba na udongo. Lakini kutoka ofisini ziliongezeka amri: lima matuta, ng'oa miti ya pamba baada ya mavuno, punguza mifugo, lipa ushuru wa ng'ombe. Wa kuzisimamia walikuwa watemi na matarishi wao. Mtemi aliyekuwa baba wa nchi akageuka bwana wa faini, na imani iliyobeba ulinzi wa kijiji ikaanza kuvuja. Mkulima akahamia kwenye vyama vya ushirika vya Paul Bomani, kisha TANU, ambayo Serikali iliizuia kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954.

Wakati huohuo polisi wa Serikali walikuwa wanarudia umbo la kijeshi. Mgomo wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947 ulionyesha kwamba polisi wa rungu wakizidiwa, aliyebaki ni mwanajeshi wa KAR, na mwanajeshi hujua jambo moja tu. Kenya iliunda kikosi cha dharura cha polisi mwaka 1948, ambacho mwaka 1953 kikawa GSU. Tanganyika nayo ikaunda kikosi cha polisi wa magari, wenye kambi yao, malori yao na mazoezi yao, wa kuitwa popote panapochafuka. Huyu ndiye babu wa FFU, Kikosi cha Kutuliza Ghasia, ambacho Watanzania kwa utani wao walikipa tafsiri yao wenyewe: Fanya Fujo Uone.

Usukuma ulikionja kikosi cha namna hiyo mwaka 1958. Serikali ililazimisha baraza la mseto Geita, yaani Wazungu na Waasia kukaa katika baraza la wilaya ambayo karibu watu wake wote ni Waafrika. Watu wakakataa. Julai mwaka huo mamia kwa mamia walitoka Geita wakavuka hadi mjini Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakapiga kambi, na wakatawanywa kwa virungu na mabomu ya machozi. Serikali ilishinda mtaani ikashindwa mezani, maana baraza la mseto la Geita liliondolewa baadaye. Polisi waliopangwa kijeshi walikuwa wamefanya vizuri kile walichofundishwa, na hakikusaidia kitu.

Uhuru ukaja Desemba 1961. Mwaka 1963 Serikali ikafuta mamlaka ya watemi. Kisiasa jambo hilo lilieleweka, na Wasukuma wengi walilipigia makofi. Lakini pamoja na mtemi waliondoka matarishi, mahakama zake na desturi nyingi za kuitana, na mahali pao hakuja polisi. Kituo kilibaki mjini, na kijiji kikabaki na balozi wa nyumba kumi na katibu wa chama. Nionavyo mimi, pengo la ulinzi lililokuja kuwatesa Wasukuma katika miaka ya 1970 lilichimbwa hapo.

Mwaka uliofuata macho ya nchi yalikuwa kwingine. Usiku wa Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwafungia maafisa wao wa Kiingereza wakidai nyongeza ya mshahara na vyeo kwa Waafrika. Kikosi cha pili cha Tabora kikafuata. Serikali haikuwa na wa kuwazuia, kwani sehemu ya polisi wake wenye mafunzo ya kijeshi ilikuwa imepelekwa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 12. Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza, na Januari 25 makomando wao wakatua kutoka manowari Centaur. Aliona aibu, akasema hivyo hadharani. Jeshi lote likavunjwa, Wanigeria wakaja kushika doria kwa muda, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Mirisho Sarakikya, likichota vijana kutoka TANU na Jeshi la Kujenga Taifa.

Maasi yale yalifundisha jambo ambalo kila nchi yenye jeshi hulijua: wanajeshi nao wanahitaji polisi wao. Hao ndio Polisi Jeshi, ambao raia huwaita MP. Kazi yao haifanani na ya FFU hata kidogo, japo watu huwachanganya. MP humlinda raia dhidi ya mwanajeshi na humlinda mwanajeshi dhidi ya nafsi yake. Hukamata watoro, huchunguza makosa ndani ya kambi, huongoza misafara ya kijeshi barabarani, hulinda mateka wakati wa vita, na humfuata mlevi mwenye sare anayewapiga watu baa. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 iliweka nidhamu ya jeshi na mahakama zake. Katika mpango wa Tanzania MP hana kazi ya kumkamata mkulima wa Misungwi aliyeiba mbuzi, na ni heri iwe hivyo.

Tunajua ni heri kwa sababu ng'ambo ya ziwa walijaribu kinyume chake. Idi Amin alipoipindua Serikali ya Milton Obote Januari 25, 1971, mojawapo ya amri zake za mapema iliwapa wanajeshi uwezo wa kukamata raia. Polisi Jeshi wa Uganda, walioweka makao Makindye jijini Kampala, wakageuka mahakama, gereza na mnyongaji. Wakasaidiwa na kikosi cha usalama cha Naguru na wapelelezi wa Nakasero. Mtu aliyeingizwa Makindye aliandikwa kama mfungwa wa kijeshi hata kama hajawahi kushika bunduki, na familia haikuwa na hakimu wa kumwendea. Polisi wa kawaida wa Uganda, waliokuwa na sifa nzuri kabla yake, walidhoofika hadi wakawa watazamaji. Majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala Aprili 1979 yalikuta maiti katika vyumba vya Nakasero. Vita hivyo viligusa Mwanza pia. Machi mwaka huo ndege ya Libya iliyokusudia kulipua maghala ya mafuta ya Mwanza ilikosa shabaha, mabomu yakaanguka kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi.

Tusijipongeze haraka, hata hivyo. Miaka mitatu kabla ya kuingia Kampala, Tanzania ilikuwa na doa lake, na lilitokea Usukumani.

Katikati ya miaka ya 1970 Mwanza na Shinyanga zilikumbwa na mambo mawili kwa pamoja. Ng'ombe waliibwa kwa makundi, na wazee, hasa wanawake, waliuawa wakituhumiwa uchawi. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu kwa nguvu kutoka kaya zao zilizotawanyika hadi vijiji vya kupangwa. Jirani wa jana hakuwa jirani tena, na kila msiba ulitafutiwa mkono wa mtu. Wapo waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi ya ng'ombe, kuni ya nchi iliyokwisha miti. Mgambo walikuwa wamepewa na sheria ya mwaka 1975 uwezo wa kukamata, lakini hawakuwa na uzoefu wa upelelezi.

Mwanzoni mwa 1976 Serikali ilituma operesheni ya pamoja ya polisi na usalama wa taifa. Mamia walikamatwa. Badala ya kutafuta ushahidi, waliotumwa walitafuta maungamo, na waliyatafuta kwa mateso. Baadhi ya waliokamatwa walikufa mikononi mwa dola. Habari zilipomfikia Nyerere hazikufukiwa. Januari 1977 walijiuzulu mawaziri wawili, Ali Hassan Mwinyi wa Mambo ya Ndani na Peter Siyovelwa aliyesimamia usalama katika Ofisi ya Rais, pamoja na wakuu wa mikoa wawili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Mwinyi hakuwa ameshika fimbo wala kutoa amri ya mateso. Alijiuzulu kwa sababu yalitendeka chini ya wizara yake. Akapelekwa kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Baadhi ya maafisa wa polisi na usalama walifikishwa mahakamani, na kufikia 1980 walikuwa wamehukumiwa vifungo.

Kujiuzulu kule husimuliwa mara nyingi kama sifa ya Mwinyi, na ni sifa yake kweli. Ila husimuliwa bila wafu wake. Unaweza kusoma kurasa nyingi juu ya uungwana wa waziri usikute hata sentensi moja juu ya mzee wa kijiji aliyetoka nyumbani na jembe asirudi. Na jingine halisemwi: baada ya kashfa ile polisi wa Kanda ya Ziwa waliingiwa na woga. Ofisa aliyeona wakubwa wake wamefungwa hakuwa na haraka ya kufuata wezi wa ng'ombe porini.

Wezi nao wakapata silaha bora. Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978, viliingiza jeshini mgambo, askari wa magereza na polisi kwa maelfu. Vilipokwisha wengi walirudi majumbani na ujuzi wa bunduki bila kazi, na bunduki nyingine zilirudi bila wenyewe. Mwanzo wa miaka ya 1980 mwizi wa ng'ombe Usukumani hakuja na fimbo tena. Mwenye ng'ombe aliyekwenda kituoni aliambiwa hakuna gari, au gari halina mafuta. Wakati mwingine aliambiwa alete mafuta, akaleta, akaonana na mwizi wake sokoni wiki iliyofuata.

Mwaka 1982, kutoka vijiji vya upande wa Kahama, kikaanza kuenea kitu ambacho hakikutoka kwa waziri yeyote. Watu walikijua kwa majina mawili, Sungusungu na Basalama. Kila kijiji kiliteua mtemi wake, ndiyo, cheo kile kilichofutwa mwaka 1963 kikarudi kwa mlango wa nyuma, na chini yake katibu na kamanda wa vijana. Silaha ilikuwa upinde na mishale ya sumu. Chombo cha mawasiliano kilikuwa filimbi, ikijibiwa na filimbi, mwano wa kale kwa sauti mpya. Wizi ukitokea usiku, njia zote zilizibwa kabla ya alfajiri. Wakapita Shinyanga, Kwimba, Misungwi ya leo, Magu, wakaingia Tabora. Aliyekaidi alitozwa ng'ombe. Aliyeendelea kukaidi alitengwa: hauziwi chumvi, hupewi moto, ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Kwa Msukuma adhabu hiyo ilizidi jela, kwa kuwa jela mtu hutoka.

Wizi ulipungua, na hata wapinzani wa Sungusungu walikiri. Maafisa wa polisi waligawanyika. Wengine waliona wavunja sheria, wakawakamata makamanda wa vijiji kwa makosa ya kupiga na kujipa mamlaka ya mahakama. Viongozi wa chama na Serikali, Nyerere akiwamo, waliona raia wanaojilinda, wakawaunga mkono. Mwaka 1989 Bunge lilibadilisha sheria za mgambo na kuwapa Sungusungu uwezo wa kukamata kama wa polisi.

Upande wa pili wa sarafu upo, na hauwezi kufunikwa. Filimbi ileile iliyomwita mtu kumfukuza mwizi ilimwita pia kumfukuza bibi kizee aliyedhaniwa mchawi. Walikuwapo waliopigwa hadi kufa bila kusikilizwa, na waliotozwa ng'ombe kwa chuki ya mpaka wa shamba. Kadiri Serikali ilivyowatambua ndivyo walivyozidi kufanana na dola: kadi, michango ya lazima, faini isiyo na risiti. Kijana aliyetoka usiku kwa sababu ng'ombe ni wa mjomba wake akaanza kutoka kwa sababu asipotoka atatozwa. Nguvu ya Sungusungu wa 1982 ilikuwa kwamba hawakuwa mkono wa mtu, na sheria ya 1989 iliwafanya mkono.

Misungwi ilimegwa kutoka Kwimba na kuwa wilaya mwaka 1995, ikapata ofisi zake na polisi wake wa wilaya. Haikupata amani ya ghafla. Mauaji ya vikongwe yaliendelea, na kuanzia mwaka 2007 yakaongezeka mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa. Shule ya Msingi Mitindo, hapo Misungwi, iliyokuwa ikisomesha watoto wasioona, ikawa kimbilio la watoto wenye ualbino ambao wazazi wao hawakuthubutu kuwalaza nyumbani. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alibubujikwa na machozi bungeni akizungumzia mauaji hayo, na mwaka huohuo Serikali iliwaomba wananchi wapige kura za siri kuwataja wahusika. Tazama jambo lenyewe: dola yenye FFU, wapelelezi na mgambo inamwomba mwanakijiji aandike jina kwenye karatasi. Wauaji hawakuwa jeshi la kushambuliwa. Walikuwa watu waliojulikana na majirani, na majirani walikuwa wamenyamaza.

Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeshika Jeshi la Polisi mwaka 2006, alilielewa hilo alipohimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi. Mpango wake ulisifiwa na kulaumiwa, na utekelezaji ulitegemea sana nani yuko kituoni. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mkuu wa polisi wa nchi hii kufanya sera rasmi ya jambo ambalo Usukuma ulilijua kabla ya Emin kufika Bukumbi: kwamba mlinzi asiyejulikana kijijini hujulikana kwanza na wahalifu.

FFU wataendelea kuwapo, na pawe na mafuriko, moto wa soko au vurugu za kweli watahitajika. MP watahitajika maadamu kuna jeshi. Wa kuogopwa ni yule wa katikati, aliyevaa nidhamu ya vita na kupewa kesi ya kijiji. Kila alipotumwa katika nchi hii ya ziwa, iwe mwaka 1897, 1958 au 1976, alikusanya alichotumwa kukusanya, kodi au watu au maungamo, na akaacha kazi ya ulinzi pale alipoikuta.

Hukumu za maafisa wa 1976 zimo katika vitabu vya sheria na barua ya Mwinyi ya kujiuzulu imekuwa sehemu ya simulizi ya taifa. Sauti ya vijiji haijaandikwa vya kutosha. Kijana aliyepuliza filimbi ya kwanza mwaka 1982 akiwa na miaka 20 sasa amepita 60, na walioshuhudia operesheni ya 1976 wakiwa watu wazima wanapungua kila mwaka. Kama una baba, mama au babu wa rika hilo Misungwi, Kwimba, Magu au Kahama, kaa naye umuulize alilinda njia ipi, alifuata nyayo za ng'ombe wa nani, nani alichukuliwa mwaka ule na nani hakurudi. Uliza na akina mama, maana wao ndio waliotuhumiwa na ndio waliobaki na nyumba. Andika majina, andika vijiji, weka tarehe kama anaikumbuka, na nakala moja uipeleke maktaba ya mkoa, Mwanza.